Kompyuta Inasema Kampaundi Yangu Imeishinda Kaptoprili: Je, Nimepata Dawa ya Shinikizo la Damu?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika kemia. Nimebuni kampaundi kumi na mbili na kuzipima kwa programu ya kompyuta inayopachika molekuli ndani ya umbo la protini. Zote zimepata alama nzuri kuliko kaptoprili, dawa ya siku nyingi ya shinikizo la damu, zilipopachikwa kwenye kimeng'enya kinachogeuza anjiotensini kuwa homoni ya kukaza mishipa, na tatu kati yake nimekwisha kuzitengeneza maabara. Je, naweza kusema nimepata dawa mpya ya kushusha shinikizo la damu, na ni majaribio gani yanayofuata? Mjomba wangu, ambaye ameishi na tatizo hilo kwa miaka mingi, amejitolea kuwa wa kwanza kuijaribu.

Jibu: Ndugu mwulizaji, nitaanza na mjomba wako, kwa kuwa hilo ndilo jambo la pekee katika swali lako lisiloweza kusubiri. Usimpe. Unga uliotoka kwenye chupa ya maabara hauna dozi inayojulikana, unaweza kuwa na mabaki ya vimumunyisho na ya metali zilizotumika kuharakisha mmenyuko, na hakuna anayejua ini litaugeuza kuwa kitu gani. Kama tayari anatumia kidonge cha kundi la kaptoprili, kumwongezea kizuizi kingine cha kimeng'enya kilekile kunaweza kuzilemea figo zake, au kupandisha potasiamu katika damu hadi mapigo ya moyo yavurugike. Mshukuru kwa moyo wake, mwambie aendelee na dawa alizoandikiwa, na chupa zako zibaki kabatini.

Tukija kwenye swali lenyewe, ulicho nacho sasa ni dhana yenye sababu, na dhana yenye sababu si kitu cha kudharau, lakini haijawa hata kizuizi cha kimeng'enya, sembuse dawa. Alama ya kompyuta ni makadirio ya jinsi molekuli inavyoweza kukaa ndani ya tundu la protini, na makadirio hayo yana upendeleo ambao mtafiti mgeni hauoni kwa urahisi. Programu nyingi za aina hiyo hujumlisha migusano kati ya molekuli na kuta za tundu, kwa hiyo molekuli kubwa huvuna alama kwa ukubwa wake tu. Kaptoprili ni molekuli ndogo sana, yenye uzito wa molekuli wa takribani 217. Nguvu yake kubwa haitokani na wingi wa migusano, bali inatokana na atomu moja ya salfa inayoshikamana na atomu ya zinki iliyomo katikati ya kimeng'enya, na kifungo cha namna hiyo kati ya metali na salfa ndicho hasa programu za kawaida hukikadiria vibaya. Kuishinda kaptoprili kwenye skrini, basi, ni jambo ambalo karibu molekuli yoyote yenye pete tatu za kaboni italiweza.

Kabla hujaamini alama zako, ijaribu kwanza programu yenyewe. Umbo la kimeng'enya hiki cha binadamu, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ACE, lilichapishwa mwaka 2003 likiwa limeshika dawa ya lisinoprili. Itoe lisinoprili humo, mpe kompyuta kazi ya kuirudisha, uone kama ataikalisha palepale ilipokuwa. Kisha changanya vizuizi vinavyojulikana pamoja na molekuli kadhaa zenye ukubwa uleule ambazo hazina sababu yoyote ya kukizuia kimeng'enya, uangalie kama programu inaweza kuwatenga wenyeji na wageni. Ikishindwa, orodha yako ya kampaundi kumi na mbili haina mpangilio unaoweza kutetewa mbele ya mtahini.

Inafaa ukumbuke kwamba kaptoprili yenyewe ilibuniwa bila mtu yeyote kuliona umbo la ACE. Mwanzo wake ni sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye Bothrops jararaca, ambayo Sérgio Ferreira aligundua katika miaka ya 1960 kwamba ina vijenzi vinavyozidisha nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya damu. Sumu hiyo ilimfuata hadi London katika maabara ya John Vane, na huko ikadhihirika kwamba vijenzi vyake vinaizuia pia ACE. Kutokana nayo ilipatikana teprotidi, mnyororo wa asidi amino tisa, ambayo ilishusha shinikizo la damu kwa wagonjwa lakini kwa sindano pekee, kwa sababu haikufaa kumezwa.

Ndipo David Cushman na Miguel Ondetti, watafiti wa kampuni ya Squibb nchini Marekani, walipofanya jambo ninalolihesabu kuwa somo bora kabisa la ubunifu wa dawa. Walijua kwamba ACE ina zinki, kama kimeng'enya kingine cha kongosho ambacho umbo lake lilikwisha kujulikana. Kile cha kongosho hukata asidi amino moja kutoka mwishoni mwa mnyororo, ilhali ACE hukata mbili kwa pamoja. Wakajiambia kwamba kizuizi cha kimeng'enya cha kwanza kikirefushwa kwa kiasi cha asidi amino moja, kitatoshea katika cha pili. Kampaundi yao ya kwanza, iliyojengwa juu ya asidi amino iitwayo prolini, ilikuwa dhaifu mno. Wakaongeza kikundi kimoja cha methili, ikapata nguvu kiasi. Wakatoa kikundi cha asidi kilichokuwa kikiishika zinki, wakaweka salfa na hidrojeni mahali pake, na nguvu ikapanda takribani mara elfu moja. Hiyo ndiyo kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Angalia kwamba kila hatua, hata ile iliyoshindwa, ilitengenezwa na kupimwa kwenye chombo, kisha kipimo kikaamua hatua inayofuata. Wewe umebuni kumi na mbili kwa mkupuo mmoja bila kipimo hata kimoja katikati, na hapo ndipo ningekurekebisha kwanza kama ningekuwa msimamizi wako.

Kwa hiyo jaribio lako la kwanza ni la kimeng'enya chenyewe. Hakikisha usafi wa kampaundi zako tatu, na usikubali chini ya asilimia 95, kwa sababu uchafu wenye nguvu wa asilimia moja unaweza kukupa matokeo yote unayoyafurahia. Weka kimeng'enya, weka kitu kinachokikata, ongeza kampaundi yako kwa viwango vinavyopanda, uchore mkunjo na usome kiwango kinachozuia nusu ya kazi. Kaptoprili ipimwe siku hiyohiyo, kwa chombo hichohicho, na kiwango chake kitoke katika makumi machache ya nanomola au chini yake; kikitoka mbali na hapo, tatizo liko kwenye jaribio lako na si kwenye dawa. Pia kuna mtego unaowanasa wengi katika vimeng'enya vya zinki: kampaundi inayofyonza metali huinyang'anya ACE zinki yake na kuonekana kuwa kizuizi cha ajabu, kumbe ingefanya hivyo kwa kimeng'enya chochote chenye metali mwilini. Ongeza zinki kidogo kwenye kimiminika uone kama kazi inarudi.

Ikivuka hapo, ipeleke kwenye tishu hai. Jaribio la kale na la kuaminika ni la vipande vya mshipa mkuu wa damu wa panya, vilivyokatwa kama pete, vikaning'inizwa katika maji ya chumvi na glukosi yenye joto la nyuzi 37, huku mchanganyiko wa oksijeni na kaboni dioksidi ukipitishwa ndani yake, na kila pete ikiunganishwa na kifaa kinachopima inavyojikaza na kulegea. Nimesoma tasnifu nyingi ambamo mwanafunzi anaikaza pete kwa fenilefrini, anaongeza kizuizi chake cha ACE, pete inalegea, naye anaandika kwa furaha kwamba dhana yake imethibitishwa. Imethibitishwa kinyume chake. Fenilefrini huikaza pete kupitia vipokezi vya adrenalini, na kizuizi halisi cha ACE hakina sababu kubwa ya kuilegeza pete iliyokazwa hivyo. Pete ikilegea sana, kampaundi yako inafanya kazi nyingine, pengine inaziba njia za kalsiamu, na hilo huenda likawa jambo zuri, lakini si lile ulilolibuni.

Swali sahihi la kuiuliza pete ni hili. Mpe anjiotensini ya kwanza, ambayo yenyewe haina nguvu mpaka ACE iliyomo kwenye ukuta wa mshipa iigeuze kuwa anjiotensini ya pili; pete itajikaza. Rudia ukiwa umetanguliza kampaundi yako. Mkazo upungue au upotee. Kisha, na hapa ndipo wengi hawafiki, mpe pete hiyohiyo anjiotensini ya pili iliyo tayari. Ikijikaza kama kawaida, umeonyesha kwamba mshipa ni mzima, vipokezi vyake viko wazi, na kilichozibwa ni ugeuzaji peke yake. Isipojikaza, huenda umeziba kipokezi, kama zifanyavyo dawa za kundi la losatani, au umeidhuru tishu. Jaribio hilo la siku moja lina uzito kuliko picha zote za rangi za molekuli zilizopachikwa.

Kwa mnyama mzima mambo hubadilika tena, kwa sababu shinikizo la damu lina walinzi wengi. Ukitanua mishipa, shinikizo likashuka, vihisi vilivyomo shingoni na kifuani hupeleka habari kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, moyo ukaongeza mapigo, na figo zikaanza kushikilia chumvi na maji ili kulirudisha palepale. Minoksidili hutanua mishipa kwa nguvu isiyo na shaka, lakini ikitumiwa peke yake moyo hukimbia na miguu huvimba, ndiyo maana huambatanishwa na dawa ya kupunguza mapigo na nyingine ya kukojoza. Kampaundi iliyoshusha shinikizo kwa saa mbili baada ya sindano haijajibu swali lolote la maana. Inatakiwa imezwe, ifanye kazi kwa majuma, na mapigo ya moyo, uzito wa mwili na hali ya figo viandikwe pamoja na shinikizo.

Mnyama anayetumiwa zaidi ni panya wa kizazi maalumu ambaye shinikizo lake hupanda lenyewe kadiri anavyokua, kizazi kilichoanzishwa na Okamoto na Aoki huko Kyoto mwaka 1963. Shinikizo lake linaweza kupimwa kwa mkanda unaobana mkia, njia rahisi lakini inayomtia mnyama hofu, na hofu yenyewe hupandisha shinikizo. Au kwa kitumaredio kidogo kilichopandikizwa ndani ya mwili, kinachotoa habari usiku na mchana panya akiwa huru kizimbani mwake. Ukiwa na uwezo wa njia ya pili, iteue hiyo. Vilevile usichukue panya mwenye shinikizo la kawaida na chumvi ya kutosha ukategemea kizuizi cha ACE kifanye maajabu, kwani mfumo wa renini, kimeng'enya cha figo kinachoanzisha utengenezaji wa anjiotensini, ndani yake umetulia na hakuna kingi cha kuzuia. Yote haya, bila shaka, baada ya kamati ya maadili ya taasisi yako kuidhinisha kwa maandishi.

Kuchagua mnyama ni kazi ya kisayansi kamili. Waliotafuta vizuizi vya renini walikwama kwa miaka kwa sababu renini ya binadamu na ya panya hazifanani vya kutosha, hivyo kampaundi iliyomfaa mtu haikumgusa panya, ikabidi watumie nyani wadogo au panya waliopandikizwa jeni za binadamu. Renini ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1898, lakini kizuizi chake cha kwanza cha kumeza, aliskireni, kiliidhinishwa mwaka 2007. Hata hivyo kiasi kinachofika kwenye damu kutoka katika kidonge hicho ni kama asilimia 2.5 tu, kwa kuwa utumbo hauipitishi kwa urahisi.

Jambo hilo la utumbo lingalikuwa sehemu ya ubunifu wako tangu mwanzo. Salfa ile iliyoipa kaptoprili nguvu ilihusishwa na vipele na kupotea kwa ladha mdomoni kwa baadhi ya wagonjwa, hasa dozi zilipokuwa kubwa. Wanakemia wa kampuni ya Merck wakaamua kuiacha salfa na kurudi kwenye kikundi cha asidi, wakafidia kwa kuongeza sehemu nyingine za kushika tundu. Walipata enalaprilati, kizuizi kikali sana kwenye chombo, lakini kisichonyonywa vizuri na utumbo. Suluhisho lao lilikuwa kuifunika asidi moja kwa kikundi cha ethili, ipite utumboni ikiwa imefunikwa, na vimeng'enya vya ini vikaivua. Ndiyo enalaprili. Ukiipima enalaprili kwenye chombo cha kimeng'enya utaiona dhaifu, na mwanafunzi mwenye pupa angeitupa.

Kuhusu usalama, nakusihi usiufikirie kama karatasi ya kujaza baada ya kazi kwisha. Kampaundi hupimwa kama inaharibu jeni, kama inaziba njia za potasiamu za moyo na hivyo kuweza kuvuruga mapigo, kama inadhuru ini na figo, kama inadhuru mimba, na inapewa kwa muda kwa aina mbili za wanyama kabla ya binadamu wa kwanza. James Black, mtafiti wa dawa wa Uingereza, alikuwa tayari na pronethaloli, iliyothibitisha wazo lake la kuziba vipokezi vya adrenalini moyoni, lakini ilisababisha uvimbe kwa panya, ikaachwa, na mahali pake ikaja propranololi. Mibefradili nayo iliondolewa sokoni mwaka 1998, takribani mwaka mmoja tu baada ya kuidhinishwa. Ilishusha shinikizo vizuri. Kosa lake ni kwamba ilikizuia kimeng'enya cha ini kinachosafisha dawa nyingine nyingi, zikajilimbikiza ndani ya miili ya wagonjwa.

Mfano unaokuhusu wewe zaidi ni omapatrilati, kwa kuwa nayo ilikuwa kizuizi cha ACE, ila iliunganishwa na uwezo wa kuzuia kimeng'enya cha pili, neprilisini. Ilishusha shinikizo kuliko enalaprili. Lakini vimeng'enya vyote viwili huvunja bradikinini, na vikizuiwa pamoja bradikinini hujaa, uso, ulimi na koo vikaweza kuvimba hadi mtu ashindwe kupumua. Katika jaribio la watu zaidi ya 25,000, uvimbe huo ulitokea kwa asilimia 2.17 ya waliotumia omapatrilati na asilimia 0.68 ya waliotumia enalaprili, na dawa haikuidhinishwa. Kwa hiyo unapopima kampaundi zako, zipime pia dhidi ya neprilisini. Ni kimeng'enya kingine cha zinki, na zinaweza kukishika bila wewe kukusudia.

Hatua za binadamu nitazipitia upesi, maana kwako bado ziko mbali. Awamu ya kwanza hutazama usalama na mwendo wa dawa mwilini kwa watu wachache. Ya pili hutafuta dozi. Ya tatu hulinganisha kwa maelfu ya wagonjwa, baadhi wakipewa kidonge kisicho na dawa au dawa ya zamani, pasipo wao wala daktari kujua nani anapata nini. Ulinganisho huo ni wa lazima kwa sababu shinikizo hushuka hata kwa waliopewa kidonge kitupu: mtu huchaguliwa siku aliyopimwa juu, halafu akazoea kliniki na kutulia. Ndiyo maana pia hutumiwa kifaa cha kuvaa kinachopima kwa saa 24, na kinachotazamwa kwa makini ni saa za mwisho kabla ya dozi inayofuata.

Hata namba ya shinikizo yenyewe ni wakala tu wa kile tunachokitaka, yaani watu wachache wapate kiharusi na moyo kushindwa. Katika jaribio kubwa la Marekani lililoitwa ALLHAT, kundi lililopewa doksazosini, dawa inayolegeza mishipa, lilisimamishwa mwaka 2000 kwa sababu moyo kushindwa kulitokea mara nyingi zaidi kuliko kwa waliopewa dawa ya zamani ya kukojoza, ijapokuwa shinikizo la makundi hayo mawili halikutofautiana sana.

Ukiniuliza kama inafaa kuendelea na ACE, nitakujibu kwamba kwa mafunzo ni shabaha nzuri, lakini kwa dawa mpya uwanja umejaa na vizuizi vilivyopo vimezoeleka kwa miongo. Palipobaki pagumu na penye thamani ni kwenye uteuzi. ACE ina vyumba viwili vyenye zinki, na kizuizi kitakachozuia kimoja na kukiacha kingine kiendelee kuvunja bradikinini kinaweza kupunguza kikohozi na uvimbe ambao vizuizi vya sasa huwaletea baadhi ya wagonjwa. Ugumu wa namna hiyo uko pia kwa kimeng'enya kinachotengeneza aldosteroni, homoni inayozifanya figo zishikilie chumvi, kwani kinafanana kwa takribani asilimia 93 na jirani yake anayetengeneza kotisoli, homoni ya kukabili msongo. Osilodrostati ilijaribiwa kwanza kwa shinikizo la damu, ikaonekana inagusa kotisoli mno, ikaishia kuidhinishwa kuwa dawa ya ugonjwa wa Cushing, yaani wa kotisoli kuzidi mwilini.

Katika tasnifu yako andika kwamba kampaundi "zinakadiriwa na kompyuta kukaa ndani ya tundu la ACE", na neno dawa ulitoe kila mahali linapozihusu. Kisha, kabla ya kubuni ya kumi na tatu, peleka zile tatu ulizo nazo kwa maabara ya famakolojia iliyo karibu nawe, pamoja na kaptoprili ya kulinganisha, ukaombe zipimwe kwa kimeng'enya na kwa pete, kwa anjiotensini ya kwanza na ya pili. Ikiwa hata moja itazuia ya kwanza na kuiacha ya pili, niletee mkunjo wake, tuzungumze jinsi ya kubadilisha kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja.